Kijani bustanini: jinsi ya kumjua uliyekutana naye kabla hujashika panga

Mwezi wa nne mwaka jana, saa kumi jioni, jirani yangu alipiga yowe nikatoka mbio na watoto nyuma yangu, tukamkuta kasimama chini ya mpapai na jembe mkononi, na juu ya jani kuna nyoka wa kijani mwembamba kama kidole cha mtoto, katulia tu anatuangalia. Kabla sijafungua mdomo kijana wake alishatupa jiwe, la kwanza likapita, la pili likampata. Tulipomgeuza kwa kijiti nikamwangalia vizuri. Mwili kijani kibichi, madoadoa meusi yameanzia shingoni yanafifia kadri unavyoenda mkiani, kichwa kirefu kimebapa, jicho la ukubwa wa kawaida. Yule hana sumu kabisa, kazi yake ni kukamata mijusi na vyura, na bustani ya jirani ilikua na vyote viwili tele. Iliniuma sana, na toka siku ile nimekua nikiwaelekeza watu mmoja mmoja, sasa naona bora niandike yote sehemu moja.

Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, uwe Kayenze kama mimi, uwe Magu, Sengerema au kisiwani Ukerewe, kitu kidogo cha kijani kinachotembea utakutana nacho tu, hasa mvua zikianza na majani yakifunga. Wengi hawana shida yoyote na wengine wanakulimia bure. Lakini wapo wachache ambao ukikosea nao unaweza kupoteza mtu, kwaiyo sikwambii uwapende wote, nakwambia ujue nani ni nani.

Jambo la kwanza kabla ya yote rudi nyuma hatua tano. Zihesabu kabisa. Nyoka hakimbizi mtu na anaporuka kugonga hafikii hata urefu wa mwili wake, kwaiyo ukiwa hatua tano uko salama na una muda wa kuangalia. Waite watoto ndani, mfunge mbwa maana mbwa ndo anaharibu kila kitu, alafu toa simu ukuze picha. Angalia mambo matatu: yuko mtini au chini, ni mwembamba au mnene, na jicho lake likoje ukilinganisha na kichwa. Rangi peke yake haitakusaidia hata kidogo.

Sasa nyoka wa kijani wa kwetu. Wa kwanza ni huyo mwembamba niliyemwelezea, na wapo ndugu zake wasio na madoa ambao wanapenda sana maji, utawakuta kwenye matete, kwenye mfereji wa kumwagilia, pembeni ya kisima. Mara nyingi hawazidi mita moja, wepesi mno, ukimtazama sekunde mbili keshapotea. Hao waache kabisa.

Wa pili ndo wa kuogopa. Ni nyoka wa mitini, makaburu wanamwita boomslang na maana yake ni hiyo hiyo, nyoka wa mti. Dume akikomaa mara nyingi anakua wa kijani, jike mara nyingi ni wa kahawia, kwaiyo mtu asikudanganye kwamba wa kahawia mtini ni salama. Kichwa chake ni kifupi kama yai na macho ni makubwa kupita kiasi, yaani ukimwona unaona macho kwanza ndo unaona nyoka. Magamba yake yamekwaruzika, hayang'ai kama ya yule mwembamba, na anaweza kufika mita moja na nusu au zaidi. Akikasirika anavimbisha shingo. Ni mpole, hapendi ugomvi, wengi wanaogongwa naye ni waliojaribu kumkamata au kumuua. Chakula chake ni vinyonga, ndege na mayai, kwaiyo ukiwa na mti wenye viota vingi vya mnana, wale ndege wa njano wanaosuka viota vinavyoning'inia juu ya maji, jua kwamba yeye anaujua huo mti kuliko wewe.

Na hapo kuna kitu ambacho nimejifunza kwa kukaa tu chini ya mwembe. Ndege wakipiga kelele ya kawaida kila mmoja anasema lake, lakini akiwepo nyoka wanapiga wote pamoja, kelele moja kali isiyokata, mnana na shomoro na hata chiriku wamekusanyika tawi moja wanaangalia sehemu moja. Ukisikia hivyo usipande kuchuma embe. Subiri wanyamaze.

Wa tatu watu wengi hawamjui. Huyu hakai mtini, anakaa chini, mfupi, hafiki mita, mnene kidogo, kijani kama kitambaa cha velveti. Ni jamii ya moma wadogo wanaotembea jioni kutafuta vyura. Sumu yake mara nyingi haiui ila maumivu na uvimbe ni wa kweli. Kanuni yangu ni nyepesi: kijani mwembamba mwenye jicho la kawaida namuacha apite, kijani mwenye macho makubwa mtini nakaa mbali, kijani mnene aliye chini nakaa mbali, na nisiyemjua namhesabu kama yule wa macho makubwa. Yule nyoka anayeitwa mamba wa kijani ambaye watu wanamtaja taja, yule wa pwani, hayuko huku. Yuko ndugu yake wa misitu ya Uganda na magharibi mwa Kenya mpaka kona ya Kagera, ila kwenye bustani ya mchicha Mwanza huyo sio wa kumuwazia.

Akiingia ndani ya nyumba usimwage mafuta ya taa wala usichome tairi, utaumiza kifua cha mtoto na nyoka atajificha zaidi. Funga milango ya vyumba, ziba chini ya mlango kwa kanga, fungua mlango wa nje wazi, mtoke wote mkae uani. Mtu mmoja abaki anaangalia kwa mbali ili ajue kama ametoka, maana shida kubwa sio nyoka uliyemwona, ni nyoka ambaye hujui kaenda wapi. Na wale mnaoona wacheza ngoma wa Bayeye, wale Wasukuma wanaocheza na nyoka kule Bujora, Kisesa, wanavyozungusha chatu shingoni, wale wamerithishwa ule ujuzi na wazee wao, usitoke pale ukaja kujaribu na wa kwenye mpapai.

Ukitaka wasije karibu, jiulize wanafuata nini. Bomba linalovuja linaleta vyura, vyura wanaleta nyoka. Mahindi yaliyowekwa ovyo yanaleta panya. Kata matawi yanayogusa mabati, mimi naacha kama mita mbili, hamisha rundo la kuni lisiegemee ukuta, ziba matundu kwenye msingi, na ukienda kwenye matete vaa gambuti. Usiku usitoke bila tochi hata kama ni kwenda chooni tu hapo.

Mtu akigongwa sasa. Sumu ya yule wa macho makubwa ina tabia mbaya sana, inakaa kimya. Mwaka 1957 kule Chicago kulikua na mtaalamu mkubwa wa nyoka anaitwa Karl Schmidt, aligongwa kidoleni na mtoto wa nyoka huyu, akaona ni kitu kidogo, akarudi nyumbani akawa anaandika tu anavyojisikia, kesho yake akafariki. Mtu aliyesomea nyoka maisha yake yote. Kwaiyo ukisikia mtu anasema "mbona hakujavimba, nakaa tu nyumbani", mpandishe kwenye gari kwa nguvu.

Usichanje na wembe, usinyonye, usifunge kamba, usipoteze muda na jiwe jeusi. Vua pete, bangili, saa, shanga. Funga kiungo kwa banzi kama vile umevunjika mfupa ili kisitikisike, asitembee kwa miguu yake. Kama usafiri ni bodaboda, akae katikati, dereva mbele na mtu wa kumshikilia nyuma. Maumivu mpe panadol, usimpe aspirini wala diklofenaki maana zinazidisha kuvuja damu. Hospitali mwambie daktari kabisa: nyoka wa kijani, mtini, macho makubwa. Ni muhimu kwasababu dawa ya mchanganyiko inayotibu sumu za nyoka wengi haifanyi kazi kwa huyu, ana dawa yake peke yake inayotengenezwa Afrika Kusini, na wakati inatafutwa mgonjwa anaweza kuhitaji kuongezewa damu. Kuna kipimo chepesi ambacho hata kituo kidogo kinaweza kufanya, wanachukua damu kidogo kwenye chupa ya kioo safi na kavu, wanaiacha dakika 20 bila kuigusa, wakiiinamisha ikitiririka bado basi haigandi. Wanaweza kukirudia mara kadhaa, kwaiyo usikubali kurudishwa nyumbani baada ya saa mbili kwasababu tu mgonjwa anaongea vizuri, damu kwenye fizi au kwenye mkojo inaweza kuanza baadae sana, hata siku ya pili. Na usimbebe nyoka kumpeleka, picha ya simu inatosha.

Haya tuje kwa mwenzetu anayeonewa kuliko wote, kinyonga.

Bibi yangu mzaa mama alikua akimwona kinyonga njiani anarudi nyumbani, safari imekufa. Akituona tunamchokoza anasema "mjukuu wangu, mwache huyo, atakuachia mkosi". Siwezi kumlaumu, hakuua hata mmoja maisha yake yote, na kwa namna yake aliwalinda. Wanaonisikitisha ni sisi wa sasa tunaomwagia chumvi, tunaomchoma moto, tunaomtia ugoro mdomoni ili tuone anavyobadilika rangi. Kinyonga hana sumu. Hana kabisa, sio meno, sio mate, sio mkia. Akikuogopa atajivimbisha, atafungua mdomo uone rangi ndani, atapuliza kama pumzi ya tairi, na ukimlazimisha atakubana kidole, basi. Na ile rangi haigeuzi ili afanane na nguo yako, inageuka kutokana na jua, baridi, hofu na hasira. Ukimwona amekua na madoa na weusi mwingi ujue hana raha, usimuweke mtoto amshike apigwe picha.

Kumhamisha ni rahisi. Usimvute kwenye tawi, anashika kwa vidole vyote na unaweza kumvunja. Weka kijiti mbele ya miguu yake ya mbele, kiinue kidogo kuliko alipo, msukume kwa upole sana nyuma, atapanda mwenyewe taratibu kwa ule mwendo wake wa kuyumba. Mpeleke kwenye uzio wa minyaa au kichaka cha karibu, hapo hapo kwenu, usimpeleke kijiji kingine. Ukimkuta barabarani simamisha pikipiki, dakika mbili tu. Na usimuweke kwenye kopo wala usimuuze, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu kukamata mnyama pori bila kibali na yeye ni mnyama pori kama swala. Ukitaka kujua unao wangapi toka usiku na tochi, wakilala wanapauka wanakua kama karatasi kwenye ncha za matawi, mimi nimewahi kuhesabu saba kwenye uzio mmoja.

Upande wa mboga sasa, na hapa nilijifunza kwa kuumia. Mwaka juzi sukuma wiki yangu iliingiliwa na wadudu mafuta, vile vidogo vya kijani vinavyojazana chini ya jani mpaka linajikunja. Nikachukua bomba nikapuliza dawa kali shamba zima, baada ya siku nne nikarudia. Walikufa kweli. Wiki mbili baadae wamerudi mara dufu, na nilipotafuta vunjajungu hakuna hata mmoja, mdudu kibibi, yule mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, hakuna, vyura kimya. Nilikua nimeua polisi nikabaki na wezi. Siku hizi asubuhi napita na kugeuza majani, nikikuta kundi dogo nalisugua kwa vidole, likiwa kubwa napuliza maji yenye sabuni ya kipande iliyoyeyushwa kidogo tu, jioni jua likishuka, na kabla ya hapo najaribu kwenye majani mawili nione kama hayaungui. Dawa ya dukani naiacha kwa kantangaze, yule kiwavi mdogo wa kwenye nyanya, maana yule anaingia ndani ya jani na sabuni haimfikii, na hata hapo namwuliza bwana shamba kwanza na nahesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Vunjajungu usimguse sio kwasababu utavunja vyungu kama tulivyoambiwa utotoni, ila kwasababu ana kazi. Anakula panzi, viwavi, nzi. Ukiona kwenye kijiti kitu kama povu lililokauka rangi ya kahawia nyepesi, hilo ni fuko la mayai yake, ukipogoa tawi usilichome, lichomeke tu kwenye uzio.

Viwavi wa kijani sio wa kuwaweka kapu moja. Yule wa kwenye mlimao anaanza akiwa kama kinyesi cha ndege, akikua anakua wa kijani na ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zinazonuka. Hana madhara kwa mtu, atakua kipepeo mkubwa mweusi wenye njano. Mti ukiwa mche mwondoe kwa mkono, ukiwa mkubwa muache ale, mti hautajua. Kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi, ambaye tumeanza kumwona nchini mwaka 2017, ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne ya mraba karibu na mkia, huyo hana huruma, ukaguzi ni mara mbili kwa wiki mahindi yakiwa madogo, wengine tunatia majivu au mchanga kwenye moyo wa mhindi. Na kuna mmoja wa kumwogopa, mfupi, bapa, kijani kizuri sana, ubavuni ana vichaka vya miiba. Anakaa chini ya jani na unamgusa bila kumwona. Anawasha kama moto. Usisugue, bandika selotepu unyanyue ile miiba, alafu osha kwa sabuni, na mtu akianza kushindwa kupumua au kuvimba midomo mkimbize zahanati.

Vyura wadogo wa kijani wa kwenye matete, wadogo kama kucha ya dole gumba lakini sauti inajaza usiku mzima, hao ngozi yao inanyonya kila kitu, kwaiyo usiwashike ukiwa umetoka kupuliza dawa. Kwenye pipa la maji weka kijiti kinachoegemea ukingoni ili akitumbukia atoke, usipofanya hivyo utakunywa maji ya chura aliyeoza. Senene wa mwezi wa kumi na moja huhitaji mimi kukufundisha, ila usiokote waliotua kwenye shamba lililopuliziwa, na watoto wajue panzi wa rangi rangi anayetembea polepole na kunuka sio senene, ana sumu yake.

Kuna na wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa chungwa, wanaopita makundi wakipiga kelele kali asubuhi. Asili yao ni huku huku, kusini na kusini mashariki mwa ziwa, na walikamatwa sana miaka ya themanini kupelekwa nje kuuzwa. Mtama ukiiva watakuja, hilo haliepukiki. Funga utepe wa kaseti unaovuma na upepo, watoto wakae shambani asubuhi mapema na jioni, vuna haraka, mtego na ulimbo achana navyo.

Nimalizie na kinyonga mmoja wa nyuma ya bafu langu la nje. Mwezi wa pili mwaka juzi nilimkuta amechanganyikana na udongo, kichwa kiko shimoni, mkia nje, anachimba kwa miguu ya mbele kidogo kidogo. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Saa nane mchana mpaka giza linaingia alikua bado hapo, akageuka akaingia kinyumenyume akataga, alafu akafukia na kukanyagia kwa miguu ya nyuma mpaka usingejua kama pamechimbwa. Alipotoka alikua amekonda, ngozi imelegea tumboni, vumbi mpaka kwenye macho, akaanza kupanda uzio taratibu. Mke wangu akaleta kijiti tukakichomeka pale, tukawaambia watoto na kijana anayetulimia kwamba jembe lisifike hapo. Mayai ya hawa ni mengi, 25 mpaka 50, na yanakaa ardhini miezi mingi, watu wanayalima bila kujua. Basi na wewe ukimwona kinyonga ameshuka chini anachimba, weka kijiti.

Kijiti chetu kilikaa mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja. Asubuhi moja binti yangu wa mwisho akaja kuniamsha, "baba njoo, njoo polepole", nikatoka bila viatu. Kwenye jani la boga, mmoja. Urefu wake kama kiungo cha kidole na ziada kidogo, kijani, mkia umejikunja, macho kila moja linaangalia kwake. Mpaka jua linachomoza vizuri tulikua tumeshahesabu kumi na tisa.